Wenye Maduka Waliofuata Mzigo

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri sana, ila kwa sasa jina hilo limo kwenye kamati, linaboreshwa, na mtumishi wa umma haruhusiwi kulitaja mpaka lirudi. Basi niseme tu nchi yetu, nawe msomaji usianze kunusanusa na kusema unaijua. Huijui. Ukiifananisha na nyingine, shauri yako.

Mimi naitwa Anzuruni Mpate, karani daraja la pili katika Idara ya Mtazamo. Wageni hushangaa wakisikia tuna idara hiyo, maana kwao kila mtu humtazama mwenye duka atakavyo: huyu anampenda, yule anamsonya, mwingine hana habari naye. Hiyo si vurugu hiyo? Kwetu serikali ndiyo inayoamua jamii imtazameje mwenye duka, inatoa waraka, na jamii inaanza kutazama hivyo Jumatatu inayofuata.

Wala hatukurupuki. Kabla ya Mtazamo wa Kwanza, Idara ilituma ujumbe wa watu kumi na wanne wazunguke dunia miezi tisa, wakajifunze mataifa mengine yanawatazamaje wafanyabiashara. Walirudi wamenenepa, na ripoti yao nene vilevile. Waliandika kwamba ipo nchi ambako picha ya tajiri inatundikwa ukutani karibu na ya mama mzazi. Ipo nyingine, ya kale, ambako mwenye duka aliwekwa chini ya mkulima, chini ya seremala, chini hata ya mchimba kaburi, lakini mfalme akitaka kumwoza binti yake alipita mlango wa nyuma wa duka kukopa, kofia mkononi. Ipo ambako huruhusiwi kuuza hata sindano mpaka babu yako naye awe aliuza. Na zipo nyingi, tena nyingi mno, ambako mwenye duka sharti awe mgeni au mjukuu wa mgeni, ili mvua ikikosekana awepo mtu wa kupigwa. Ripoti ilishauri tusichague. Tuchukue yote, kwa zamu.

Tukaanza na ile ya mwisho. Chini ya Mtazamo wa Kwanza mwenye duka alikuwa kupe, na shuleni watoto walifundishwa kumchora ana miguu minane. Mjini kwetu, Barabara ya Soko Kuu, palikuwa na maduka thelathini. Wenyewe tuliwajua kama tunavyojua vidole vyetu. Mimi duka langu lilikuwa la Bwana Mwinchande, aliyeuza sukari, mafuta ya taa, madaftari na dawa ya minyoo, na ukitumwa dukani ukiwa mtoto alikuongezea kipande cha sukari guru ili usilie njiani. Jumanne moja tukaitwa uwanjani kwenye mkutano wa kunyoosha mikono. Huo ni utaratibu wetu, tena wa haki kabisa. Afisa anasoma jina la mtu, anauliza, "Kupe au si kupe?" Anayesema kupe ananyoosha mkono. Asiyenyoosha anaandikwa jina lake. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, ajira mbichi, na kazi yangu ilikuwa kuhesabu mikono. Kwa Bwana Mwinchande nilihesabu mia mbili na kumi na mmoja, nikaongeza na wa kwangu.

Wakapakiwa thelathini wote kwenye lori, saa nne asubuhi. Hawakuonekana tena.

Angalia, nasema hawakuonekana. Sisemi wamekufa, kwa kuwa rasmi hawajafa. Katika jalada la kila mmoja wao, kwenye safu iliyoandikwa "Alipo", pamepigwa taipu maneno mawili: Amefuata mzigo. Ni maneno mazuri, ya biashara hasa. Mwenye duka yeyote akifunga siku mbili, jirani atakuambia amefuata mzigo, nawe utarudi keshokutwa bila kuuliza zaidi. Aliyeyabuni maneno hayo hajulikani, na Idara haina mpango wa kumtafuta.

Sasa mke wa mtu aliyefuata mzigo si mjane, na mtu asiye mjane halii. Waraka namba nne uko wazi: kumlilia msafiri ni kumtabiria mabaya, kifungo miezi sita. Kukaa matanga ndiyo usiseme. Kila mchana mke ampakulie mumewe sahani yake, na mkaguzi hupita kuangalia kama imepakuliwa. Na kila miezi mitatu afike dirishani kwangu, nimwulize, "Mumeo hajambo?" naye ajibu, "Hajambo, amefuata mzigo," nimgongee muhuri, aende zake. Bi Somoe, mke wa Bwana Mwinchande, nimemgongea muhuri mara mia moja na ishirini na nne. Alianza kuja akiwa mwanamke mrefu. Siku hizi ili anione dirishani inabidi ashike kizingiti.

Ukaja Mtazamo wa Pili, uliotutaka tusiwatazame wenye maduka kabisa, kwa kuwa hawakuwepo. Ukipita Soko Kuu unageuza uso upande wa pili mpaka uyamalize yale maduka yaliyofungwa. Ulidumu miaka thelathini. Ndiyo maana watu wa mji wetu, ukiwatazama vizuri, shingo zao zimeenda upande kidogo.

Mwaka huu umekuja Mtazamo wa Tatu. Waziri wetu mpya wa Mitazamo, Mheshimiwa Dakta Chereko, alisafiri ng'ambo wiki mbili, akaona wenye maduka wanapigiwa makofi wakiingia ukumbini. Akarudi hashikiki. Alituita watumishi wote.

"Ndugu zangu!" alisema. "Mwenye duka si kupe. Mwenye duka ni nyuki! Anazunguka, anakusanya, anatulisha asali! Jamii imekuwa na shukrani hafifu. Kuanzia Jumatatu, ishukuru. Tutafanya Siku ya Mashujaa wa Biashara, pale pale Soko Kuu. Maduka yote thelathini yafunguliwe, na kila mwenye duka nimvishe nishani kwa mkono wangu."

Watu waliinamia viatu vyao. Mimi nikainuka, maana ndimi mwenye majalada.

"Mheshimiwa, wenyewe wamefuata mzigo."

"Wote?"

"Wote, Mheshimiwa."

"Tangu lini?"

"Miaka thelathini na moja."

Alifikiri. "Mzigo mkubwa huo," alisema. Hakuna aliyecheka, na nadhani hata yeye hakuwa anatania. Kisha uso wake ukang'aa. "Basi wakaimiwe!"

Asiyefanya kazi serikalini hataelewa raha tuliyoipata. Kwetu kiti hakikai kitupu. Mkubwa akisafiri, akiugua, akitoroka na sanduku la ofisi, anawekwa kaimu, na kaimu ana mamlaka yote ya anayemkaimu: anasema kwa niaba yake, anasaini kwa niaba yake, chai yake anakunywa yeye. Siku hiyo hiyo wakateuliwa makarani thelathini. Mimi nikapewa barua: Kaimu Mwinchande, Soko Kuu, duka namba kumi na saba.

*

Mbao za duka zilitolewa na mafundi wa serikali asubuhi kweupe. Nilitegemea panya na popo. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na rafu tupu, kaunta, kiti, na kwenye msumari kanzu ya kazini iliyotoboka kiwikoni. Idara ilileta bidhaa za maonyesho, tukazipanga, nikakaa. Kiti kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, maana mwenyewe alikuwa mtu wa kukaa upande. Nikakikalia wima kiserikali. Siku ya tatu nikajikuta nimeegemea kushoto.

Siku ya tano mama mmoja aliomba kibiriti. Mkono wangu ukaenda wenyewe chini ya kaunta, upande wa kulia, kwenye kijisanduku ambacho naapa sikuwahi kukiona. Kibiriti kilikuwamo, chapa ya zamani, na kiliwaka. Nilimweleza karani mwenzangu anayekaimu duka namba kumi na nane. Alinisikiliza, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye tangu juzi anakohoa kikohozi kisicho chake.

Wateja nao wakaanza visa vyao. Mwanzoni walipita mbali. Halafu akaja Fundi Kaniki, cherehani yake iko ng'ambo ya barabara miaka yote. Alibeba kitu kimefungwa kwenye gunia, akakiweka kaunta, akakifungua. Mizani.

"Mwinchande," aliniita, "nimekuletea mizani yako. Nilikuwa nakutunzia."

Nilitaka kumwambia mimi ni Anzuruni mwana wa mzee Mpate, suruali yangu ya kwanza ya kazi alinishonea yeye. Lakini barua yangu ilikuwa ukutani na muhuri wake. Nikasema, "Ahsante, Fundi."

Hakuondoka. Aliishika kaunta kwa mikono miwili. "Siku ile ulituona? Uwanjani?"

"Nilikuona," nikasema. Na ni kweli nilimwona, alikuwa mstari wa tatu, mkono wake namba hamsini na kitu.

"Nilikuwa na watoto wadogo, Mwinchande."

"Najua, Fundi."

Mzee wa watu akalia pale pale kaunta, akajifuta kwa gunia, akanunua sabuni asiyoihitaji na kwenda zake. Kesho yake wakaja wanne. Huyu karudisha taa ya chemli, huyu karudisha ngazi, mwingine kaleta vikombe sita akasema cha saba kilivunjika, anaomba radhi. Walisema nami bila kuniangalia usoni, wote, na wote walimaliza kwa swali lile lile. Jioni nilipofunga nilikuwa nimechoka kana kwamba nimebeba magunia.

Bi Somoe alikuja kila siku saa saba mchana na sahani. Sheria inamtaka ampakulie mumewe, na sasa kwenye makaratasi mumewe amerudi kitini kwake. Kwa hiyo nikala. Wali, mchicha wa nazi, siku nyingine samaki wa kukaanga. Alikaa kwenye gunia la chumvi akinitazama ninavyotafuna.

"Shikamoo, Bi Somoe," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba." Akaiweka sahani mbele yangu. "Waraka wenu nimesomewa. Unasema kaimu ana mamlaka yote."

"Yote, Bi Somoe, ukitoa ya chumbani." Nikacheka, nikajikuta nacheka peke yangu.

"Basi wewe ndiye Mwinchande."

"Kwa shughuli za serikali, ndiyo."

"Basi namuuliza mume wangu. Uko wapi?"

Mdomo ukajibu kwa mazoea. "Nimefuata mzigo."

"Haya," alisema. "Kula, chakula kinapoa."

Akaniuliza kesho yake. Akaniuliza na keshokutwa. Mara nyingine aliuliza mengine: huko ulikokwenda ulipata maji ya kunywa? Ulikuwa na mwenzio wa kuongea naye? Mimi natafuna tu, na wali unakuwa mchanga mdomoni. Siku ya tisa hakuuliza. Aliniita kwa jina langu.

"Anzuruni, mdogo wangu. Mimi sitaki nishani yenu. Duka nalo sitaki, nitalifanyia nini? Nina uvimbe hapa tumboni, daktari ameuona, akawa anaongea na dirisha badala ya kuongea na mimi. Nataka nimlilie mume wangu kabla sijafa. Hilo tu. Nataka mtu mmoja wa serikali aseme mbele za watu kwamba amekufa, na aseme alipo, ili nikae mkekani siku zangu tatu, nipewe pole kama mke wa mtu. Nikifa hivi nitakufa bado namngoja. Hata huko niendako nitaanzia wapi kumtafuta?"

Kwa mwanadamu wa kawaida swali hilo ni zito. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne nistaafu. Nina nyumba imefika kwenye linta, inangoja kiinua mgongo ipate bati. Nikamwambia suala lake limepokelewa na litashughulikiwa. Msonyo alionisonya hapo! Ulianzia Soko Kuu ukaishia stendi. Akachukua sahani yake na nusu ya chakula changu ikiwamo.

*

Hapa msomaji nikuombe radhi, nimekudanganya kidogo, ni mazoea ya kazi. Aliyeyabuni yale maneno mawili anajulikana. Ni mimi.

Jumanne ile, saa kumi alasiri, niliwekewa mezani karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Ilikuwa na majina thelathini, na mbele ya kila jina namba ya shimo, moja au mbili au tatu, na juu yake jina la mahali: machimbo ya mawe ya Kiloweko. Mkubwa wangu akaniambia, "Haya yahamishie kwenye majalada, lakini pale penye 'Alipo' tafuta kitu kizuri." Nikawaza kidogo. Nikapiga taipu. Mkubwa aliposoma alinipiga begani, akasema kijana una kipaji, na mwezi uliofuata nikapanda daraja. Karatasi ilichomwa mbele ya macho yangu. Lakini mtu aliyepitia majina thelathini moja moja, na kila moja akaamua aandike nini badala ya kile alichokiona, hayasahau. Nimejaribu miaka thelathini na moja, kwa hiyo najua ninachokisema.

Nilijiambia kila siku kwamba sikumgusa mtu. Na kweli sikumgusa. Nilikaa ofisini kwenye feni.

*

Siku ya Mashujaa wa Biashara ilifana. Turubai zilifungwa, bendi ya polisi ikapiga, na wake thelathini wakaketishwa mstari wa mbele wakiwa wamevalishwa khanga mpya zenye picha ya nyuki. Nasema thelathini kwa itifaki. Waliobaki hai ni kumi na wawili. Viti vingine viliwekewa khanga tupu, zimekunjwa vizuri. Sisi makaimu tulisimama kila mmoja mbele ya duka lake. Yule wa namba kumi na nane hakuacha kukohoa.

Mheshimiwa Chereko alifika amevaa kofia pana yenye utepe wa rangi za taifa. Alihutubia saa moja na nusu. Alisema jamii ya zamani ilipotoka kwa sababu ya mtazamo, kwamba hakuna wa kulaumiwa maana mtazamo hauna mikono, na kwamba taifa lisilomheshimu mwenye duka litanunua wapi chumvi? Makofi. Kisha akaanza kuvisha nishani. Kila kaimu alitakiwa kupokea, kushika kipaza sauti na kusema sentensi moja iliyopangwa: Nashukuru, biashara inaendelea. Kumi na sita wakasema hivyo. Nikafuata mimi.

Akanibandika nishani kifuani. Nikapewa kipaza sauti. Bi Somoe alikuwa hatua tano mbele yangu, mkono tumboni, na hakuwa ananitazama. Alikuwa anaitazama ile kanzu msumarini nyuma yangu. Nilifungua mdomo kusema nashukuru, wallahi nilikusudia kusema nashukuru, nyumba haina bati.

"Mimi, Mwinchande," nikasema, "sikufuata mzigo. Nilipakiwa hapa kwenye lori saa nne asubuhi. Nikapelekwa machimbo ya Kiloweko. Saa kumi nilikuwa nimeshakufa. Niko shimo la pili, na wenzangu kumi."

Mheshimiwa alipiga makofi, maskini, hakuwa anasikiliza. Makofi yake yakabaki yenyewe. Akayapunguza, akaacha.

Bi Somoe alisimama. "Hayo unayasema kama nani?"

"Kama Kaimu, mke wangu. Na kama karani. Orodha niliiona."

"Kwa hiyo amekufa."

"Amekufa, Bi Somoe."

Hakulia. Alirudi nyuma akampisha aliyekuwa jirani yake, na huyo akasogea mbele ya kaunta yangu kama mtu aliyekuja kununua, akataja jina la mumewe. Nikamwambia, shimo la kwanza. Nyuma yake akasimama mwingine. Foleni ikajipanga yenyewe, wake, kisha watoto wa wale ambao mama zao walishakufa wakingoja, watu wazima wenye mvi, na kila aliyetaja jina nilimjibu bila kufikiri. Shimo la tatu. Shimo la pili, pamoja na Mwinchande. Bendi haikujua ipige nini. Polisi walimtazama mkubwa wao, mkubwa wao akamtazama Waziri, na Waziri alikuwa anapekua hotuba yake kana kwamba jambo hili limeandikwa mahali humo.

Foleni ilipoisha, wa mwisho alikuwa Bi Somoe tena. Alizunguka akaja kujipanga nyuma ya wote.

"Nimebakiza moja," alisema. "Aliumia?"

Nikatafuta. Jina lilikuwepo, mahali palikuwepo, namba ya shimo ilikuwepo. Nilitamani sana kumwambia hapana, hakuumia, ilikuwa mara moja tu. Ni sentensi nyepesi, ningeitunga vizuri, nina kipaji.

"Sijui, Bi Somoe," nikasema. "Sikuuliza."

Halafu akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani ya duka akinipita, akaitungua ile kanzu, akakaa nayo chini sakafuni na kuifunika usoni. Kilio kilichotoka hapo sijui nikielezeje. Kilikuwa cha mwanamke kijana. Wenzake wakaingia wakakaa kumzunguka, na Fundi Kaniki akavuka barabara na mkeka wake kwapani, akautandika, naye akabaki amesimama mlangoni kwa kutojua kama ana haki ya kukaa.

Mheshimiwa Chereko alinisogelea, jasho linamtiririka. Akaniinamia sikioni.

"Karani, kuna waandishi hapa. Toa tamko haraka. Andika wanalia kwa furaha." Akanipa kalamu yake mwenyewe, ya dhahabu.

Nikaipokea, nikaiweka juu ya kaunta.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "vua kofia. Hapa pana msiba."